Mizinga Isiyo na Namba

Nilikuwa naandika mwongozo wa daftari ambalo halitumiwi na binadamu. Hebu fikiria kazi hiyo! Daftari lenyewe ni programu, na wanaolitumia ni mawakala wa akili mnemba, yaani zile programu zinazotumwa kazi na kuifanya zenyewe bila kushikwa mkono. Kasoro yao ni kwamba wakimaliza kazi wanasahau kila kitu, kwa hiyo wanaandika noti humo ili kesho wazisome. Mimi nilipewa kazi ya kuwaelekeza, kwa Kiswahili, namna ya kuandika noti, kuzitafuta na kuzifuta. Niliifanyia chumbani kwangu mtaa wa Kashaulili, nyuma ya duka la vitenge, na nilijiona mjanja kweli.

Baba alikuwa kwangu. Aliletwa kutoka Inyonga baada ya kiharusi cha kwanza, mkono wa kulia umelegea ila mdomo bado mzima. Maisha yake yote alikuwa mrina asali. Mizinga yake imetundikwa ndani kabisa ya msitu, na njia ya kuifikia ilikuwa kichwani mwake tu, kwa sababu mdogo wangu alishika tumbaku na mimi nikashika kompyuta. Asali ya mizinga hiyo ndiyo iliyotusomesha. Daktari alishatuambia kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote.

Mwongozo unataka mifano ya kweli, nikaona mifano si hii hapa? Kila siku baada ya chakula cha mchana nilimkalisha baba kwenye mkeka uani, yeye anasimulia, mimi nachapa humohumo kwenye lile daftari.

"Tuanze na mzinga namba moja, baba."

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Mama, mizinga haihesabiwi. Ukiihesabu nyuki wanahama. Nyie wasomi mnapenda sana namba."

"Sasa nitaiitaje?"

"Iite kwa mti wake. Huu wa mninga, ule wa mkurungu, ule wa mtundu. Mbona rahisi?"

Nikacheka, nikakubali. Kila noti nikaipa jina la mti, na chini yake nikaweka maneno yake kama alivyoyatamka: ukivuka korongo la pili, tafuta kichuguu kilichopasuka, mninga uko upande linakozama jua, umeinama kidogo. Ya mninga ilikuwa mingi, ya mkurungu mingi zaidi, na yote tuliiandika, kila mzinga na noti yake. Tulipomaliza, baba alilala usingizi mzito mpaka jioni.

Siku zilezile nilifika kwenye sehemu ya mwongozo inayohusu usafi wa daftari. Niliandika sentensi ambayo nitaikumbuka mpaka naingia kaburini: ukikuta noti zenye jina moja, bakiza iliyo mpya, futa nyingine zote. Ilikuwa fupi na haina mawaa. Niliipenda, Mungu anisamehe.

Kiharusi cha pili kilimkuta asubuhi akinywa uji. Alirudi kutoka hospitali bila neno hata moja, amebaki na mkono wa kushoto. Basi kila siku akawa anaokota kijiti, anainama pale kwenye mkeka, anachora vumbini: mistari, vishimo, mistari tena. Jasho linamtoka, anaguna, anavuta kanga yangu niangalie. Nilijua anachora msitu, na roho iliniuma kumwona anavyohangaika. Nikaushika ule mkono. "Baba, pumzika," nikamwambia. "Yote nimeyaandika. Hakuna kilichopotea." Kisha akakiachia kijiti, machozi yakamlengalenga, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Tangu siku hiyo hakuchora tena.

Haikupita wiki mdogo wangu akapiga simu kutoka Inyonga. Watu wameanza kuchoma moto porini, anataka akafyeke chini ya miti ya baba kabla moto haujafika. "Nitumie njia, dada. Fanya haraka."

Nikamwagiza wakala atoe noti zote za mizinga. Ikaja ya mninga, moja. Ya mkurungu, moja. Ya mtundu, moja. Na nyingine mbili za miti ambayo kila mmoja baba aliutaja mara moja tu. Basi.

Jamani! Nilifunga, nikafungua, nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikawaandikia wenye programu, nikawabembeleza wanirudishie hata nusu. Wakajibu kwa upole kabisa kwamba kilichofutwa hakirudi, na kwamba wakala hakukosea, amefuata mwongozo barabara. Mwongozo wangu! Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti, mpaka mwenye duka akaja kugonga mlango akiuliza kama kuna msiba. Na kwa kuwa hatukuhesabu, hadi leo sijui nilipoteza mizinga mingapi.

Nikatoka mbio. Baba alikuwa palepale uani, ameegemea ukuta. Nikaokota kijiti, nikamwekea mkononi, nikamkunja vidole kimoja kimoja. "Baba, nichoree. Nakuomba, baba yangu, chora tena, anza mwanzo." Nikapiga magoti, nikasawazisha vumbi kwa kiganja. "Korongo la pili liko wapi? Hapa? Au hapa? Nionyeshe tu, baba."

Alikitazama kijiti, akanitazama mimi na machozi yangu. Nilijaribu kumweleza kwamba noti hazipo, kwamba nimezifuta mwenyewe, lakini maneno yalikuwa yanakatika kwa kwikwi na sijui alishika lipi. Akakiweka kijiti chini taratibu. Akanyoosha ule mkono wa kushoto kuelekea mlango wa chumba changu, mezani ilipokuwa kompyuta, kunikumbusha kwamba yote yako kule. Kisha akanipigapiga begani, akinituliza.