Sentimita 32 za antena yangu

Juzi gari langu la watalii liliingia gereji Kimandolu likiwa na antena ya sentimita 50 ya redio ya upepo, ile tunayoitana nayo madereva. Jana jioni likatoka na 18.

Fundi Eliya kaikata kwa msumeno. Eti ilikuwa inagonga geti lake.

"Dada, antena ni chuma tu. Si redio inaongea?"

Inaongea, ndiyo. Ila mimi ndiye sisikiki.

Leo saa nne asubuhi nimekwama kwenye tope hifadhini, upande wa Momella. Wateja wanne, ndege yao saa nane. Simu haishiki mtandao. Nikaita kwa redio mara kumi na moja.

Hakuna aliyejibu.

Halafu nawasikia madereva wenzangu, safi kabisa, wakinisema:

"Mama Neema leo kanuna, hata salamu hajibu."

"Mwache, kaka. Tangu anunue gari la pili anaringa."

Niliwajibu. Nashukuru maneno yangu hayakufika.

Sasa fundi, nikufundishe bure. Wimbi la redio yetu lina urefu wa mita mbili, na antena inatakiwa iwe robo yake. Ikiwa fupi, wa karibu utawasikia, lakini ukiongea wewe, nguvu kubwa inarudi redioni badala ya kutoka hewani.

Saa nane tuliiona ndege ikipita juu, sisi bado topeni. Tulitoka jioni.

Madereva mlionisema, sauti zenu nazijua. Jitajeni hapa chini.

Na wewe Eliya: unaniwekea antena nyingine ya sentimita 50, ndiyo au hapana? Nijibu kabla ya saa moja asubuhi kesho. Saa mbili naingia tena hifadhini.