Fidia ya Mkono wa Kulia

Nafundisha wanafunzi wa biashara sheria ya madhara, yaani habari za mtu kukuumiza au kukuharibia hata kama hamna mkataba wowote baina yenu. Huwa nawapa maswali manne. Je, mtu huyo alikuwa na wajibu wa kuangalia usidhurike? Aliuvunja? Umedhurika? Na kilichokudhuru ni huko kuvunja wajibu hasa? Ukijibu ndiyo kwa yote, unastahili fidia, na shabaha ya fidia ni kukurudisha pale ulipokuwa kabla hujaumizwa. Wanafunzi huipenda sentensi hiyo ya mwisho kwa sababu ni nyepesi kukariri. Mimi siipendi. Mifano nawapa ya soda zenye uchafu na sakafu za madukani zenye utelezi. Wa mama yangu sijawahi kuwapa.

Mama anaishi Mbwera, na Mbwera hutoki wala huingii bila chombo. Siku ile alikuwa akirudi kutoka Kibiti. Maji yalikuwa yanakupwa, na nahodha alitaka kugeuza boti kabla haijakwama kwenye tope. Mwenye boti, tajiri mmoja wa Kibiti, alikuwa akimpigia simu njia nzima awahi abiria wengine. Mama alishika nguzo ya gati, mguu mmoja nje, mwingine bado ndani, nahodha akatia mashine moto. Boti ikayumba. Mkono wake wa kulia ukabanwa kati ya ubao na nguzo.

Kosa lilifanyika jioni ile ile, tena kosa la watu wa kwetu hasa. Nahodha ni jirani, mkewe ndiye anayemsuka mama nywele. Alikuja analia, amefuatana na wazee, na mama akamwambia huku mkono umefungwa kipande cha kanga, "Nishakusamehe, baba. Ajali haina kinga." Ikasomwa Fatiha. Kwetu Fatiha ikishasomwa, neno limezikwa, na anayelifukua ndiye anayeonekana mbaya. Hakuna aliyeuliza mkono umeumia kiasi gani. Wakasamehe kabla ya kujua wanasamehe nini.

Mfunga mifupa alifanya alichokijua. Hospitali walimfikisha wamechelewa, daktari akasema mishipa imekwisha kuharibika. Vidole vikajikunja kuelekea kiganjani na mpaka leo havikunjuki.

Nilipofika nyumbani kutoka Dar es Salaam nilikuta mama hali tena na watu. Wanawake wa nyumba yetu hula sinia moja, na miaka yote mama ndiye aliyekuwa akitugawia samaki, kila mtu kipande chake mbele yake. Sasa alisubiri tumalize, akachukua sahani yake akaenda kukaa nyuma ya mlango, uso ukutani, akala kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto una kazi yake na kila mtu anaijua. Shehe alishamwambia kwamba mwenye udhuru hana lawama. Mama alimjibu kuwa udhuru anaujua Mungu, lakini wanaokula naye wanaona kushoto tu. Nikamnunulia kijiko. Akakifanya cha kukorogea chai.

Niliumia, kisha nikakasirika, na hasira zangu nikazipeleka Kibiti, kwenye duka la saruji la mwenye boti.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "si ilishasomwa Fatiha? Yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo," nikamjibu. "Ndiyo nimekuja kuyaganga. Aliyesamehewa ni nahodha, wewe hukuwepo. Alikuwa kwenye kazi yako, ndani ya boti yako, anawahi abiria wako. Mfanyakazi akimdhuru mtu akiwa kazini, tajiri wake anajibu."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinisumbua. Akamhudumia mteja wa misumari, kisha akasema atakuja na mkewe kuzungumza na mama. Nilirudi na boti hiyo hiyo nimejaa furaha. Nilijiona mwanasheria.

Wakaja na mchele na sukari. Wanaume wakakaa barazani, na hata kabla ya chakula mwenye boti akakubali mbele ya wazee kwamba atalipa fidia. Kilichobaki ni neno la mama tu.

Ndani tukatandika mkeka, tukaweka sinia la wali na samaki wa nazi. Mke wa mwenye boti akamwona mama amekaa pembeni.

"Shangazi, mbona unajitenga? Njoo tule."

"Nimeshiba, mwanangu."

"Basi na mie sili mpaka uje."

Ulikuwa ukarimu tu, hakujua. Mgeni akikataa kula nyumbani kwako ni aibu, na mama hakuweza kuibeba aibu hiyo. Akasogea, mkono wa kulia umefichwa ndani ya kanga, akatia wa kushoto kwenye sinia. Tonge la mgeni likasimama njiani. Punde tu, kisha akalila, akatabasamu, lakini mkono wake haukurudi tena kwenye wali. Wengine nasi tukatazama chini. Mama akautoa mkono wake, akaomba maji, akanawa taratibu.

Kisha akapaza sauti kuelekea barazani. "Mwambieni mwenye boti naye nimemsamehe. Asomewe Fatiha yake, arudi kwao salama."

"Mama!" nikasema. "Haki yako hiyo."

"Unataka waje mara ngapi kunitazama?"

Nilijua ambacho kingefuata endapo angekataa kusamehe, maana kiasi cha fidia lazima kipimwe: daktari wa kuandika ripoti, wakili, hakimu, kila mmoja akimwambia, mama, hebu onesha. Nje wanaume wakasoma, wakaitikia amina, na mimi nikachukia sauti zao zote.

Jioni mama alikwenda na sahani yake nyuma ya mlango. Nikachukua yangu, nikamfuata, nikakaa ubavuni kwake na kuanza kula kwa mkono wa kushoto. Akanipiga kwenye kifundo cha mkono kwa ule wake uliojikunja, akanipiga kweli.

"Wako mzima," akasema. "Kula nao."

Nikala nao. Mama akageukia ukuta.