Akaunti ya Muuza Dagaa

Mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukwe wetu wa ziwa, muuza dagaa mmoja wa Kibirizi alikuja kwenye kibanda changu cha uwakala wa fedha za simu siku tatu mfululizo. Kila siku alifuta vidole kwenye kanga kabla ya kugusa simu, akaniomba nimsomee masharti ya akaunti tatu za mtandaoni, naye akirudia kila neno kwa midomo bila sauti. Swali lake lilikuwa moja tu: "Nisipoweka kitu msimu mzima, fedha zangu nitazikuta zote?"

Mbili zilikuwa na makato ya kila mwezi. Ya tatu haikuwa nayo, akaichagua kwa kidole chake mwenyewe. Ujumbe ulipoingia kwamba akaunti imefunguliwa, alitaka niusome mara mbili. Kisha akageukia ukuta, akafungua fundo kiunoni, akanikabidhi fedha zake huku akishusha pumzi.

"Leo nitaoga ziwani, nizame mpaka kichwa."

"Kwani huwa huogi, mama?"

"Naoga kwa kopo, mwanangu, fundo likiwa kiunoni. Chumba changu chenye kufuli nilimpa mama wa Kirundi aliyejifungua. Ningeziacha wapi?"

Alipotoka nilimsikia akicheka peke yake, akiteremka kwenda majini.