Fundi Aliyekata Breki

Juzi, kwa fundi wa kuchomelea pale Ng'ambo, nilimkuta mzee mmoja mrina asali kutoka Ipole. Alitaka baiskeli yake ya gia iwekewe keria ya kubebea madumu ya asali. Fundi akashika msumeno, akakata vyuma vya fremu vinavyoshikilia breki ya nyuma.

"Vinazuia keria," akasema.

"Sasa mteremkoni nitasimamaje na breki ya mbele tu?"

Fundi akazinyooshea kidole katambuga za mzee. "Si umevaa viatu vya tairi, mzee wangu? Kandamiza gurudumu kwa kisigino."

Watu wakacheka. Mimi damu ilinichemka. Mtu kainunulia baiskeli yake matairi ya mpira laini yanayong'ang'ania njia, halafu aambiwe asimame kwa kisigino! Nilipogeuka, nikaiona baiskeli ya fundi mwenyewe ukutani. Ina keria kubwa, na breki zote mbili.