Nimekubali tumbo langu liandikwe

Leo daktari ameniomba ruhusa ya kuandika habari za tumbo langu kwenye jarida la madaktari. Nikakataa.

Ni yule kijana aliyenipasua hospitalini Voi. Akaeleza kwamba moyo wangu uko kulia na apendiksi ilikuwa kushoto.

Mke wangu akaitikia, "Sasa naelewa mambo mengi."

Daktari mkubwa wake akacheka. "Mgonjwa mmoja si utafiti, bwana. Tafuta mia."

Mia! Kwani tumejaa kijijini kwetu Rukanga tunangoja kuhesabiwa?

Kijana akajibu kwa upole, "Daktari, sisi tulikuwa tunamtibu figo. Usiku ule nilisoma jaridani habari za mgonjwa mmoja tu, aliyeumwa kushoto kama huyu. Ndipo nikampasua."

Mkubwa akakumbuka ana mkutano.

Mimi nikaomba kalamu.

"Jina lake litaandikwa?" mke wangu akauliza.

"Hapana, mama. Tutaandika tu: mwanaume, Kenya."

"Hata Rukanga hamtaji?"

Amenuna hadi nyumbani. Mimi nawaza yule mgonjwa wa kwanza. Simjui, naye hajui kama niko hai.

Nyinyi mngesaini?