Jina la Aliyeshikilia Ombi

Nichekeni tu, nastahili. Tangu tufiwe na Mama Happy ofisi yetu hapa Babati imepoa, na mimi fundi wa kompyuta nimeiongezea aibu.

Dereva wetu, Baba Joji, aliomba likizo kwenye mfumo ili akamuuguze mkewe. Ombi likakwama. Kila asubuhi namwamkia, ananiuliza, nami namjibu, "Ni mtandao tu, Baba."

Jana ndipo nikaingia kwenye mfumo kuangalia. Ombi lilikuwa linasubiri kibali cha Katarina Qamara. Jina geni kabisa. Hasira zikanipanda, nikasimama katikati ya ofisi.

"Huyu Katarina ni nani, anakalia ombi la mzee wa watu? Hana hata huruma?"

Wote wakainamisha vichwa. Nikadhani wanamwogopa.

"Nionyesheni anapokaa, nimfuate!"

Baba Joji akavua kofia. "Ni Mama Happy, mwanangu. Siku tunamzika kule Bonga, wewe ulibaki kulinda ofisi."

Meza yake imepakana na yangu. Miaka yote nimekula mahindi yake ya kuchemsha, na jina lake sikuwahi kumuuliza.