Maono Niliyoazima Woolwich

Walisema sitamaliza hata muhula mmoja. Mzee Omari wa Tanga, niliyepanga naye nyumba Kingsbury, London, aliniona na kitabu cha watawa wa Kijerumani wa kale akacheka mpaka chai ikamwagika. "Teo, hao masista wamekufa miaka mia saba. Watakufulia shati?" Mwanangu, diploma ile pale ukutani, juu ya redio. Isome mwenyewe. Asubuhi nilisafisha ofisi Wembley, jioni nikaingia darasani mikono inanuka dawa ya choo, na bado insha iliyosomwa mbele ya wote ilikuwa yangu. Sikubebwa na mtu.

Lakini leo sikusimulii insha. Nakusimulia Jumapili moja ambayo mpaka sasa nikiikumbuka naona haya.

Kitabu aliniazima mwalimu wangu, mtawa mzee wa Kiingereza. Nilikifungua kwa ajili ya bibi yangu. Unaikumbuka picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu chumbani kwake? Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi alitembea mwendo wa saa tatu kwenda misheni kwa ibada ile. Humo kitabuni nikakuta kwamba karne nyingi kabla yake, watawa wale waliuona moyo huohuo wakiwa katika sala. Mmoja aliuona kama nyumba yenye mlango wazi. Maandishi yao yakasomwa nyumba moja ya watawa hadi nyingine, na ibada ikasafiri mpaka ikafika, baada ya njia ndefu, ukutani kwa bibi yangu. Nililia ndani ya treni, na watu wananitazama.

Jumapili alasiri tulisali Woolwich, sebuleni kwa Mama Zawadi, mjane wa Bukavu aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Wakongo waliosali hapo walikuwa na desturi yao: baada ya rozari, kimya, kisha aliyeonyeshwa kitu anasema. Mimi, msomi wao, sikuwahi kuonyeshwa chochote. Siku hiyo kiburi kikanipanda. Nikasimama, nikafumba macho, nikasema nimeuona moyo wa Yesu, ni nyumba, mlango uko wazi. Watu wakalia. Heshima ile ilikuwa tamu, mwanangu, sikufichi.

Jumanne nikampigia simu Mama Zawadi. Uhamiaji walikuwa wamemkatalia kukaa Uingereza, na siku ya mwisho ya kukata rufaa ilikuwa kesho yake.

"Rufaa ya nini tena, mutoto wangu?" akasema, sauti imetulia kabisa. "Weye umeona mulango wazi. Miye nimeambia avoka aache."

Wakili ameambiwa aache! Niliacha ndoo katikati ya ukumbi, nikakimbilia kwake. Njia nzima nilikuwa na wazo moja: wakimrudisha kwenye vita alivyovikimbia, nimemrudisha mimi.

Alinifungulia akiwa na mwiko mkononi. Nikasema palepale kizingitini: "Mama, sikuona kitu. Nilisoma kitabuni. Aliyeona ni mtawa mmoja wa Ujerumani."

Akauliza: "Na yeye alijivuna hivyo?"

"Hapana, mama. Alificha. Wenzake waliandika kwa siri, na alipojua alihuzunika."

"Basi ule ameona kweli." Akanigusa kifua kwa mwiko. "Weye unasoma sana, na unaiba sala ya mutu amelala kaburini! Beba karatasi zangu. Twende kwa avoka. Ukinichelewesha nitakupiga na mwiko mbele ya wazungu."

Rufaa iliingia alasiri ileile. Kwenye basi la kurudi nilimwuliza kama atawaambia wenzetu. "Utasema mwenyewe," akajibu, "siku yako ikifika."

Miezi ikapita, akapewa kibali cha kukaa. Aliponisomea barua kwenye simu nilikaa juu ya ndoo yangu nikicheka peke yangu kama mwehu.

Mwanangu, jivunie kazi ya mikono yako. Mimi najivuna na sitaacha. Lakini yaliyo moyoni mwa mtu mwingine usiyavae kama shati lako. Ukiguswa na alichoona mwenzako, sema: fulani aliona, nami nimeguswa. Inatosha. Maana yuko anayekusikiliza, na huyo atayategemeza maisha yake juu ya neno lako.

Jumapili ya kushukuru kwa ajili ya kibali kile ndipo nilipowalipa wote walioniazima. Asubuhi nilimrudishia mwalimu kitabu na kumweleza nilivyokitumia. Alasiri nikasimama sebuleni Woolwich, nikaungama, kisha nikasimulia upya ile nyumba na ule mlango, safari hii nikimtaja mtawa mwenyewe kwa jina lake. Watu walilia vilevile. Mama Zawadi alikuwa wa kwanza kusema amina.

Mungu akupe macho yako mwenyewe, mwanangu, na mlango ule alioupenda bibi usifungwe mbele yako kamwe.